Kipimo cha Ndoo

Usiniulize bei kwanza.
Niambie mnaoga saa ngapi,
nani hukaa bafuni mpaka kioo kitoe jasho,
nani hufungua bomba la jikoni
wakati mwenzake ana povu machoni.

Heledd akacheka. Macsen, mumewe, hakucheka.
Alishika karatasi aliyoikunja mara nne:
boila ya kilowati arobaini na mbili,
sawasawa na ya jirani yao Gruffydd,
mwenye bafu tatu na asiye na mtoto.

Nje, Blaenau, mvua ilipiga kwa ubavu
vigae vya mawe waliyoyachonga babu zetu mlimani.
Hapa hatujawahi kukosa maji.
Tulichokosa ni moto wa kuyatia.

Nikaomba ndoo.
Nikafungua bomba la baridi mpaka mwisho, saa mkononi.
Watoto wakaja kutazama: Non, Tegid,
na Cadi, mdogo, aliyehesabu sekunde kwa sauti
akiiruka kumi na saba kila mara.
Dakika moja: lita kumi na mbili, na tone.
Nikatia kipimajoto.
Nyuzi sita.

Nikamwambia Macsen taratibu,
kama unavyomwambia mtu kwamba shati alipendalo halimkai:
boila haizai maji.
Hupasha yale tu yaliyoletwa na bomba la barabarani.
Na vipasha joto vyako ukutani ni vinane;
hilo dude litawaka, litajizima,
litawaka, litajizima,
kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni,
na gesi inahesabiwa kila safari.
Mtu hujikuna ajipatapo.

— Na tangi? akauliza Heledd. Lita mia mbili hivi?
— Tangi lingefaa. Litakaa wapi?
Sote tukageukia kabati la chini ya ngazi.
Tegid alikuwa ameshasimama mlangoni pake,
mikono kaitanua, askari wa mpakani:
humo ndani anafuga konokono kumi na mmoja,
na kila mmoja ana jina.

Basi thelathini, nikasema.
Thelathini itachukua hizo lita kumi na mbili za nyuzi sita
na kuzifikisha pale ngozi inapofurahi.
Mtu mmoja ataoga kama mfalme.
Wawili kwa pamoja, wataoga kwa kuvumiliana.

Hapo ndipo Nain Eluned aliposema,
kutoka kitini, bila kuinua macho kwenye sindano zake za kufuma:
— Sisi tulikuwa saba na birika moja.
Beseni la bati, mbele ya moto, Jumamosi.
Baba kwanza, na vumbi la machimbo mgongoni,
kisha kaka zangu kwa umri wao,
kisha mama, haraka haraka,
kisha mimi.
Yalipofika kwangu yalikuwa na rangi ya kigae.
Nilitoka mchafu kuliko nilivyoingia.
Akahesabu vishono vyake, akapoteza hesabu, akaanza upya.
— Lakini nilitoka na joto.

Macsen akaikunja karatasi mara ya tano,
akaitia mfukoni.

Niliifunga Jumanne. Siku mbili, na nusu ya tatu
kwa ajili ya bomba moja la shaba lililokataa kona.

Mwezi ulipopita nilirudi kukaza nati.
Kwenye friji palikuwa na ratiba, mwandiko wa Cadi,
herufi nene zinazopanda mlima:
Non saa moja kasorobo. Tegid ikibidi.
Baba, asiimbe.
Na juu kabisa, kwa wino mwekundu,
amepigiwa mstari mara mbili:
Nain, wa kwanza.

— Anafurahi? nikamuuliza Heledd.
— Anakaa humo nusu saa.
Ila hatujaweza kumfundisha kitu kimoja.
Akaniongoza hadi mlango wa bafuni, akausukuma kidogo.
Beseni refu jeupe lilikuwa limejaa,
maji safi, bado na mvuke mwembamba.

Hang'oi kizibo.
Anamwachia anayefuata.